Klachi Inateleza? Tafuta Kilichoiua Kabla ya Kununua Nyingine Nzito

Maji yalikuwa yamekupwa, na kila anayevuka Magogoni, Dar es Salaam, na gari anajua kwamba maji yakikupwa ule mlango wa pantoni hugeuka mlima. Upande wa Kigamboni zamu yangu ikafika. Nikaweka namba moja, nikaachia pedeli, nikakanyaga mafuta. Injini ya HiAce ikanguruma, bodaboda nyuma yangu wakaanza honi, gari likabaki linajivuta kinyonga huku harufu ya kitu kilichoungua ikijaa ndani. Vijana wa pale ndio waliotusukuma mpaka barabarani.

Fundi niliyekuwa naye wakati ule hakujisumbua kuinama. "Bosi, pleti imekwisha. Safari hii tuweke ya kazi nzito, utanisahau." Nikalipia ya kazi nzito. Wiki sita baadaye, harufu ileile, mara hii kwenye kilima cha Kimara. Giaboksi iliposhushwa, pleti mpya ilikuwa imelowa oili kama andazi lililotoka kwenye karai. Sili ya nyuma ya krenkishafti, ule mpira unaozuia oili ya injini isitokee upande wa klachi, ilikuwa inavuja tangu enzi za klachi ya kwanza. Hakuna aliyeiangalia, mimi nikiwamo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue klachi gani iliyo imara zaidi, namrudishia swali: ile ya zamani imekufa na nini? Dukani tutafika, lakini tupitie kwanza uvunguni.

Nguvu ya klachi inatoka wapi

Klachi pleti inabanwa katikati ya flaiwili, gurudumu zito la chuma linalozungushwa na injini, na presha pleti. Springi ya presha pleti ndiyo inayobana. Ukikanyaga pedeli, rilizi beringi inasukuma vidole vya springi hiyo na pleti inaachiwa. Uwezo wa kubeba nguvu ya injini unategemea mambo matatu: kani ya kubana, ukali wa lainingi (ule uso wa pleti unaokamata), na upana wa pleti. Anayekuuzia klachi iliyoboreshwa ameongeza mojawapo ya hayo. Akiongeza kani, mguu wako ndio utakaolipa kwenye foleni. Akiongeza ukali wa lainingi, gari linapoteza ule ulaini wa kuondoka, na flaiwili inaliwa upesi. Upana ni mgumu kuongeza, maana flaiwili na nyumba ya klachi vina nafasi yake, labda ubadilishe na flaiwili yenyewe.

Na klachi haiongezi nguvu ya injini hata kidogo. Inabeba iliyopo.

Resi inapanda, gari haliendi

Hii ndiyo dalili inayowapeleka watu kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani na pesa mkononi, na ndiyo yenye sababu nyingi kuliko zote. Ithibitishe kwanza. Tafuta barabara iliyonyooka na isiyo na magari, alfajiri kuelekea Bunju kwa mfano, nenda kilomita kama 50 kwa saa ukiwa namba nne, halafu kanyaga mafuta mpaka chini. Klachi nzima itaifanya injini ilalamike na gari liongeze mwendo polepole. Klachi inayoteleza itaurusha mshale wa resi juu wakati mwendo uko palepale. Kuna kipimo kingine cha kusimama: vuta hendibreki kwa nguvu, weka namba tatu, ongeza resi kidogo, achia pedeli. Injini inatakiwa kuzima papo hapo. Isipozima, klachi inateleza. Fanya mara moja tu. Nimeona mtu akirudia mara tano ili kumwonyesha shemeji yake, na pleti iliyokuwa na maisha ya mwezi mmoja ikaishia hapohapo.

Ukishathibitisha, usiseme bado kwamba imekwisha. Anza kwenye pedeli, kwa mkono. Ibonyeze taratibu kwa vidole: kuna sehemu ndogo ya mwanzo inayoshuka bila kupata ugumu. Kwenye Toyota nyingi sehemu hiyo ni milimita 5 hadi 15. Kama haipo kabisa, rilizi beringi inalala juu ya vidole vya springi muda wote, presha pleti haibani sawasawa, na pleti itateleza hata kama ni mpya kutoka kwenye boksi. Kwenye gari la waya, kulegeza nati ya waya kunaweza kumaliza tatizo kwa dakika kumi. Kwenye gari la masta, ambalo klachi inasukumwa na mafuta kutoka masta ya juu penye pedeli hadi ya chini penye giaboksi, angalia fimbo inayotoka kwenye pedeli kwenda masta ya juu: fundi aliyeikaza kupita kiasi anaifanya masta isirudi mwisho, mafuta yanabaki na presha, na klachi inakuwa kama imekanyagwa nusu siku nzima.

Halafu angalia mguu wako mwenyewe. Foleni ya Mandela inafundisha tabia mbaya: kuegemeza mguu wa kushoto kwenye pedeli, na kulishikilia gari kwenye mteremko kwa klachi badala ya breki. Dereva wa namna hiyo akifungiwa klachi ya kazi nzito, ataimaliza nayo. Itachukua muda kidogo zaidi na itagharimu zaidi.

Sasa ingia uvunguni. Chini ya nyumba ya klachi, pale injini inapoungana na giaboksi, magari mengi yana tundu dogo au uwazi. Pangusa kwa kitambaa, kisha nusa. Oili ya injini ni nyeusi na ina harufu ya kawaida ya oili iliyotumika. Chanzo chake mara nyingi ni sili ya nyuma ya krenkishafti, ingawa kava ya juu ya injini ikivuja nayo inaweza kushusha oili mpaka hapo, basi fuata njia yake kuanzia juu. Oili ya giaboksi ni nzito na hunuka kama yai viza kwa sababu ya viambato vya salfa. Hiyo inatoka kwenye sili ya shafti ya mbele ya giaboksi. Kwa vyovyote vile, pleti iliyolowa haiponi kwa kuoshwa na petroli. Lainingi imekwisha kunywa, na ikipata moto itaitapika tena.

Kama pedeli ina nafasi yake, hakuna oili, dereva ana adabu na gari limetembea miaka, basi pleti imekula umri wake. Ikishafunguliwa, pima kina kutoka uso wa lainingi hadi kichwa cha riveti: vitabu vya Toyota vinaweka kikomo cha milimita 0.3. Chini ya hapo ibadilishe, na ya kawaida inatosha.

Sababu moja tu katika orodha hii ndiyo inayodai klachi yenye nguvu zaidi: injini au mzigo umeongezeka kuliko kiwandani. Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ inatoka ikiwa na nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 285 hivi, bila tabo, ile feni inayosukuma hewa zaidi kwenye injini. Mtu akiifunga tabo na kuongeza dizeli, klachi iliyochaguliwa kwa 285 itaanza kuteleza kwenye gia za juu, moto ukiwa mkali, hata kama pleti ina wiki mbili. Kirikuu, ile pikapu ndogo ya mizigo, inayobeba saruji kupita uwezo wake ni ndugu wa karibu wa kisa hicho, na trela kwenye pikapu pia.

Riversi inalia, namba moja inagoma

Hapa ni kinyume: klachi haitelezi, ila haiachii. Ajabu ni kwamba bado watu hununua seti nzito kwa dalili hii. Springi ngumu zaidi inaongeza mzigo kwenye masta zilizochoka, na ukiwa na bahati mbaya zinapasuka sili wiki ya kwanza.

Injini ikiwa sailensi, yaani imewaka bila kukanyagwa mafuta, kanyaga pedeli mpaka chini, hesabu sekunde tatu, weka riversi. Ikilia, kanyaga pedeli haraka mara tatu au nne kisha jaribu tena. Ikiingia laini baada ya kupampu, tatizo liko kwenye mafuta: kuna upepo, au masta ya juu inapitisha kwa ndani, au ya chini inavuja. Funua kifuniko cha mpira cha masta ya chini. Ukiona unyevu, umepata jibu. Mafuta yenyewe ni ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyoandika. Mafuta hayo yanavuta unyevu wa hewa, na hewa ya Dar es Salaam haina uchoyo wa unyevu, hivyo yaliyogeuka meusi yamwage yote. Asiweke mtu oili ya injini au hadroliki humo "kwa leo tu": mpira wa sili unavimba na masta zote mbili zinakwenda.

Kama kupampu hakusaidii, na gia moja tu ndiyo inayolia huku nyingine zikiingia vizuri, acha klachi kwa amani. Hiyo ni sinkro, kifaa kinachosaidia gia kuingia kwa ulaini, ndani ya giaboksi.

Kuna kisa cha masika. Gari lililozamishwa magurudumu kwenye mafuriko ya bonde la Jangwani, kisha likaachwa uani wiki kadhaa, linaweza kushikana kutu kati ya pleti na flaiwili. Pedeli inashuka kama kawaida lakini hakuna kinachoachiana. Washa injini ipate moto, izime, weka gia ya chini mahali pa wazi kabisa, kanyaga klachi na breki, kisha piga stata kwa muda mfupi. Mara nyingine inabanduka kwa kishindo. Isipobanduka mara mbili tatu, shusha giaboksi kabla hujaua stata.

Gari linaruka-ruka likiondoka

Mtetemo wa kuondoka una watuhumiwa wanne: oili kidogo kwenye pleti, flaiwili yenye madoa ya bluu ya moto, springi za katikati ya pleti zilizolegea, na mpira wa kushikilia injini au giaboksi uliokatika. Anza na wa mwisho, maana ni rahisi na hauhitaji kushusha kitu. Fungua boneti, mwenzako aondoke taratibu huku breki imekamatwa kidogo, wewe ukiwa pembeni, si mbele ya gari. Injini ikinyanyuka upande mmoja kama mtu anayetaka kusimama, mpira umekatika. Nilimwona jirani wa Tabata akibadilisha klachi mbili kwa ajili ya mpira mmoja wa giaboksi.

Madoa ya bluu kwenye flaiwili yanaeleza maisha ya gari hasa kwa watu wa viwanja vipya. Gari limezama kwenye mchanga wa Kigamboni au Mbagala Kuu, dereva anatikisa mbele na nyuma kwa klachi nusu, na joto linabadilisha ugumu wa chuma palepale. Ukifunga pleti mpya juu ya uso huo, mtetemo unarudi nayo. Peleka flaiwili kwa mkereza vyuma aipitishe. Kwenye flaiwili yenye ngazi, uso wa pleti na uso unaofungwa presha pleti vikatwe kiasi kilekile, la sivyo umebadilisha kani ya kubana bila kujua. Kupepesuka kwa uso kusizidi milimita 0.1 kwenye Toyota nyingi.

Kelele

Kwa ufupi, kwa sababu sikio linatosha. Kelele ikianza unapogusa pedeli, ni rilizi beringi. Ikija pedeli ikiwa chini kabisa na gia imo, shuku beringi ndogo iliyo katikati ya krenkishafti, kwa gari lenye nayo. Ikiwepo gari likiwa nyutro na mguu nje, ikapotea ukikanyaga, ni beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi, na hakuna klachi itakayoinyamazisha.

Pedeli nzito kuliko zamani

Waya uliokauka, uma unaosukuma rilizi beringi uliokula tundu lake, au presha pleti iliyozeeka: pleti ikiliwa, vidole vya springi vinabadili mlalo na mguu unaanza kuhisi. Pedeli ikibaki chini na kurudi kwa kuvutwa na ncha ya kiatu, rudi kwenye masta.

Sasa, ununue ipi

Umefika hapa ukiwa na uhakika kwamba sili ni kavu, pedeli ina nafasi, flaiwili inakerezwa, na klachi ya kawaida kweli haitoshi au umri wake umefika.

Kwa gari la nyumbani, Corolla au Probox ya manyuo inayokwenda Posta na kurudi Mbezi, chukua seti ya kawaida ya mtengenezaji anayeaminika: Aisin, Exedy, Valeo, Sachs, LuK. Lainingi ya kawaida, ile mafundi wanaita oganiki, inaondoka kwa ulaini, inavumilia foleni, haili flaiwili. Nasema hivi nikijua vijana wengi wanataka iliyo na jina la mashindano. Pleti ya vitufe vya seramiki inakamata kama swichi: haipo, ipo. Inastahimili joto ambalo lingeichoma oganiki, lakini foleni ya Ubungo, ukisogea hatua kumi na kusimama mara mia, itakutoa machozi, na abiria wako watadhani ndiyo kwanza unajifunza kuendesha.

Kwa HiAce ya abiria, Canter, au kirikuu yenye mzigo wa haki, tafuta oganiki ya kazi nzito yenye presha pleti iliyoongezwa kani kiasi. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kuboresha, na kwa wengi ndiyo ya mwisho. Pedeli itakuwa nzito kidogo, masta zipimwe kabla.

Kwa 1HZ iliyofungwa tabo, au Subaru iliyoongezwa presha, anza na tarakimu za injini yenyewe. Uliza klachi inabeba nguvu ya kuzungusha kiasi gani, ile mafundi wanaita toki, na chagua inayozidi ya injini yako kwa asilimia 20 hadi 30. Ikizidi sana, unabeba pedeli ngumu kila siku na mshtuko unahamia kwenye giaboksi na propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma), ambavyo ni ghali kuliko klachi. Kati ya oganiki na seramiki kuna lainingi yenye nyuzi za Kevlar. Inadumu na ni laini kiasi, ila inahitaji kuzoeshwa kwa uvumilivu, na ikichomwa mapema uso wake unakuwa kioo. Na hata kwa seramiki, chukua pleti yenye springi katikati. Iliyo kavu bila springi iachie uwanja wa mbio.

Pikapu nyingi mpya za dizeli na magari mengi ya Ulaya yana flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani. Ikichoka inagonga wakati wa kuwasha na kuzima, na bei yake inatisha. Kuna seti za kuigeuza kuwa kipande kimoja. Zinafanya kazi, zinapunguza gharama za mbele, lakini utasikia giaboksi ikichakarika sailensi na kabini ikitetemeka zaidi. Kwa gari la shamba sawa. Kwa gari la familia, fikiri mara mbili.

Gerezani na mkononi

Nenda na pleti ya zamani mkononi. Gari moja la mwaka mmoja linaweza kuwa na klachi za vipimo viwili, na jina la gari peke yake halitoshi. Hesabu meno ya katikati, Toyota nyingi zina 21, pima upana, linganisha kimo cha shingo ya katikati, na uingize pleti mpya kwenye shafti ya giaboksi kabla fundi hajafunga chochote: iteleze bila kugoma na bila kucheza. Muuza atakwambia, "Kaka, hii orijino ya Japani, angalia boksi." Usiangalie boksi. Angalia riveti kama zimezama sawa, springi kama hazichezi kwa vidole, namba kama imechongwa kwenye chuma au imebandikwa. Pleti ya zamani iliyoriveti lainingi mpya nayo inauzwa, na kwa gari linalobeba watu mimi siifungi.

Wakati wa kufunga, simama hapo. Presha pleti mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, yapanguswe yote. Grisi kwenye meno ya shafti ni ya kupaka kwa ncha ya kidole, si kwa kijiko, maana inayobaki inarushwa kwenye lainingi. Pleti iwekwe katikati kwa shafti ya kulengea. Boliti zikazwe kwa mshazari, kidogo kidogo. Toyota nyingi ndogo zinataka nyutoni-mita 19 tu, kwa hiyo spana ndefu ya fundi mwenye hasira haihitajiki. Giaboksi isining'inizwe kwenye pleti hata dakika moja, inaipinda. Rilizi beringi mpya, sili ya krenkishafti mpya na ya giaboksi pia: kushusha giaboksi tena kwa ajili ya mpira mdogo ni kulipa ufundi mara mbili, na risiti zangu mbili za HiAce bado ninazo.

Kilomita 500 za mwanzo usivute gari la mtu, usibebe shehena, usikanyage mafuta mpaka chini. Na ukirudi kwenye pantoni maji yakiwa yamekupwa, acha aliyekutangulia afike juu kabisa ndipo uachie hendibreki, upande mara moja bila kusimama katikati.